Neema ni wa Ukoo Wetu

Mwanangu Yohana,

Mimi baba yako nina miaka sabini na tisa. Ndugu zangu wote wamekufa nikabaki, mama yako nimemzika, njaa nimeiona ikimaliza zizi zima la baba yangu, na bado hapa Makutupora nalinda shamba la zabibu na wezi wananijua. Huko Kongwa hamjambo? Mvua imeshika au ni vumbi tu?

Sasa sikia. Mkeo uliyemfukuza yuko hapa kwangu na mtoto. Unasema Neema si damu yako kwa kuwa ana miaka tisa na kimo cha mtoto wa miaka minne, na sisi ukoo mzima tunainama mlangoni kwa urefu. Nimewapeleka hospitali mjini Dodoma. Daktari, binti tu, akampiga picha ya mifupa. Akasema urefu unatoka kwa baba na kwa mama, kwa vinasaba vingi, na kuna kimoja cha ufupi kinajificha ndani ya watu warefu mpaka kikutane na mwenzake. Kwa Neema vimekutana, kimoja chako, kimoja cha mama yake. Hatarefuka, na dawa hawana.

Nikamwambia, "Binti, niangalie mimi. Kwetu hakuna mfupi."

"Babu, wewe ni nguzo ya umeme, lakini unaweza kukibeba usijue."

"Mimi nabeba magunia, sibebi ufupi!"

Akacheka. Mkeo hakucheka. Akasema, "Baba, na shangazi Mwaja je? Mama mkwe aliniambia kabla hajafa."

Hili sijawahi kukwambia.

Mwaja alikuwa dada yangu, mtu mzima, ananifika kiunoni. Wakwe walipokuja kuangalia ng'ombe zetu kabla ya kunipa mama yako, baba alimtia kwenye kihenge cha mtama akafunika, wasije wakamwona wakakataa. Wakanywa pombe mpaka jua likazama. Tulipofunua alikuwa ameshakufa. Tangu hapo ndio tunasema kwetu hakuna mfupi, na wewe umekua ukisikia hivyo.

Basi usiende kudai ng'ombe za mahari kwa wakwe zako. Njoo umchukue mkeo na mtoto. Ukikataa nitamlea mwenyewe, na mimi sifi leo wala kesho.

Msalimie dada yako, na mama mchungaji anayeniombea bila kuchoka.

Ni mimi baba yako mzazi. Ukidhani nimechanganyikiwa kwa uzee, nenda kwa mzee Ndahani jirani yetu. Ndiye aliyeingiza mikono kwenye kihenge akamtoa.