Bunduki ya Babu Yake Baba Stella

Jumapili, Masasi

Mdomo wangu huu. Leo kule Chiwata mzee Baba Stella alinionyesha bunduki kuukuu ya kupakia risasi moja moja. Kwao husimuliwa kwamba babu yake aliwanyang'anya Wajerumani bunduki hiyo vitani.

Nilifuta kutu, nikaona alama ya taji na namba 71, yaani muundo wa Kijerumani wa mwaka 1871.

"Bunduki hizi walipewa askari wa Mjerumani," nikatamka mbele ya wajukuu. "Huenda babu alikuwa askari wao."

Mzee akauliza, "Mwalimu, hilo limeandikwa hapo?"

Halikuandikwa. Hata iliyonyang'anywa ingekuwa na alama hizo hizo. Nilijua, ila nilitaka kuonekana mjuzi.

Niliaga bila kuomba radhi. Mzee akanisindikiza hadi barabarani, kama kawaida yake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.