Mzee Stan Alichungulia

Shoga, tumefungwa tena! Na mama mkwe anasema kosa ni la marehemu!

Unaikumbuka nuksi ya baba mkwe, marehemu mzee Stan. Mpigaji wetu akijiandaa kwa mkwaju wa mwisho, mzee alikuwa anakimbilia gereji asiuone. Akiutazama tu, tumekwisha. Mji mzima wa Buffalo ulijua.

Leo mkwaju ukiingia, fainali ni yetu. Na chungu cha majivu ya mwili wake kiko juu ya kabati, kinatazamana na televisheni!

Mama mkwe, ambaye hajacheka tangu msiba, akaruka: "Mtoeni Stan! Mtoeni haraka!"

Shemeji Casimir akakikumbatia chungu, akatoka nacho mbio hadi gereji, na soksi tu miguuni, kwenye theluji ile.

Mpira ukapita nje ya nguzo. Nje, shoga! Watu wazima wanalia mbele ya mabawa ya kuku.

Mama akaenda gereji. Kumbe Casimir amemweka mzee dirishani, anaitazama televisheni ya jirani moja kwa moja!

"Stan! Yaani hata ukiwa umekufa bado unachungulia?"

Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mpira umetoka nje, shoga, na mama anacheka!

Kisha akakipangusa chungu kwa kitambaa cha jikoni. "Twende ndani, baba watoto, kuna baridi. Tumeshafungwa. Sasa tazama utakavyo."