Nyama ya Suluhu

Lushoto,
2 Machi 1997

Mwanangu Lightness,

Hujambo huko Muheza? Joto lisikumalize. Mimi mama yako ni mzima, na baba yako Danieli naye mzima, ila kifua chake na baridi ya mwaka huu havijapatana. Kama barua hii imekukuta salama, basi nusu ya maombi yangu yamejibiwa. Nusu nyingine unaijua, ni habari ya mkwe.

Sasa tafuta pa kukaa. Mama yako amekuwa mtu wa mahakama.

Usicheke. Bwana Faustine, ofisa ustawi wa jamii, alikuja usharikani kuomba akina mama wa kujitolea. Kazi yenyewe ni kusimama na mtoto aliyeteswa au aliyetelekezwa. Unamzoea, unakwenda kwao, na siku ya kesi unaingia naye na kumweleza hakimu uliyoyaona kwa macho yako. Hatulipwi, tunapewa chai. Wenzangu wote wakainamisha vichwa kama wanatafuta sindano. Mimi nikasimama nikasema, "Mimi nina binti karani wa mahakama kule Muheza, mambo haya kwetu ni ya nyumbani." Watu wakacheka, lakini jina langu likaandikwa la kwanza.

Nimepewa Janeth, ana miaka tisa. Wazazi wake wote wawili walifariki, akabaki kwa baba yake mdogo Clemence, kule Shume. Clemence unamkumbuka. Tangu biashara iachiwe watu binafsi amekuwa mtu mkubwa, ana lori linaloshusha kabichi Dar es Salaam, na kanisani anakaa mbele. Mwalimu ndiye aliyeona kiganja cha mtoto, kimeungua hadi vidole viwili vimeshikana. Mtoto alipoulizwa akasema alichukua kiazi jikoni bila ruhusa, baba mdogo akamshikisha jifya la moto, lile jiwe la mekoni.

Hakimu ameagiza akae kwangu mpaka kesi isikilizwe tarehe 28 Aprili. Ikithibitika, atakwenda kwa mama yake mdogo Imelda, Bumbuli, ambaye anamtaka kwa moyo wote. Isipothibitika, anarudi Shume kwa Clemence. Kwa hiyo kila kitu kiko kwa Janeth na kwangu. Na kwangu, mwanangu, hakuna wasiwasi.

Waambie wenzako ofisini.

Ni mimi mama yako mzazi.


Muheza,
16 Machi 1997

Mama,

Shikamoo, na baba shikamoo. Mimi sijambo. Machungwa yamejaa sokoni hapa hata yanaoza, natamani ningewatumia gunia.

Nimefurahi, mama, kweli. Ofisini nimewaambia, na karani mkuu amesema angepata mama mmoja kama wewe kila wilaya kazi yetu ingekuwa nyepesi. (Najua hiyo sentensi utaisoma mara mbili.)

Ila naomba neno moja. Usiisimulie kesi hii sokoni, wala kisimani, wala baada ya ibada. Mimi nazishika kesi hizi kwenye majalada kila siku. Mtoto akiwa shahidi, watu hawamfuati mtoto. Wanamfuata yule ambaye mtoto anamtegemea.

Msalimie Janeth, ingawa hanijui.

Mwanao,
Lightness


Lushoto,
6 Aprili 1997

Mwanangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie kabla ya mvua, maana huku imeanza na barabara ya Soni inateleza kama sabuni. Sisi wazima. Pasaka ilikuwa njema, nilivaa lile gauni ulilonunua kwenye mitumba na kila aliyeniuliza nilimwambia limetoka dukani.

Neno lako nimelisikia. Sokoni sisemi, isipokuwa kwa wale wanaouliza.

Janeth ameanza kunenepa. Mwanzoni alikuwa akificha viazi vilivyopikwa chini ya mto. Nikamwambia, "Mwenzangu, panya wa nyumba hii wana adabu zao, ukiwafichia chakula wataona unawatukana." Akacheka, Lightness. Baba yako alikuwa nje akaja mbio kuuliza ni nani anayecheka.

Juzi tulikuwa tunachambua mboga akaniuliza, "Mama, siku ile utasema wewe au mimi?"

"Utasema wewe. Mimi nitakuwa pembeni yako."

"Na wao wakija wengi?"

"Waje na ukoo mzima. Mimi sihesabu watu."

Akaendelea kuchambua mboga. Nikaona ameridhika.

Na kweli wamekuja, lakini kwa amani. Jana walifika wazee watatu, akiwaongoza mzee Rubeni, ambaye ni baba mkubwa wa Clemence. Wakavua kofia mlangoni. Mzee Rubeni akasema, "Mama Lightness, hatukuja kugombana. Mahakama ni ya serikali, ukoo ni wetu. Clemence amekiri kwamba alipita kiasi. Jumapili ijayo anachinja kondoo. Njoo na mtoto, tumfute machozi."

Halafu akaniambia nitaketi kitini, pamoja na wazee. Mwanangu, tangu nizaliwe katika milima hii sijaona mwanamke akiketi na wazee siku ya nyama. Bibi yako alikufa akiwa anakula jikoni. Nimekubali. Na tena mtu akishakiri mbele ya ukoo wake, atakataa vipi mbele ya hakimu? Mama yako anaona mbali.

Ni mimi mama yako, mtu wa kiti.


Muheza,
11 Aprili 1997

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia haraka, salamu nyingine utanisamehe.

Usiende. Nyama ya suluhu sote tunaijua ilivyo huko kwetu: aliyekula hana tena neno. Clemence hataki kumfuta mtoto machozi, anataka watu wa kusema kwamba mambo yalikwisha nyumbani. Na kukiri mbele ya wazee si kukiri mahakamani. Kesho atakataa, na wazee hao hao watamsaidia kukataa.

Kama huwezi kukataa kwa heshima, sema baba anaumwa kifua. Lakini, mama, nakuomba kwa magoti, usimpeleke Janeth.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi. Ameniahidi itafika kesho.

Mwanao,
Lightness


Lushoto,
15 Aprili 1997

Lightness wangu,

Hujambo mwanangu? Sisi hatujambo, na mimi zaidi ya kutojambo.

Ungekuwepo. Clemence alitutumia lori, tukapanda mbele na dereva, mimi na Janeth, kama maharusi. Kufika Shume nikakuta viti vimepangwa uani, na kimoja kina kitambaa. Nikadhani ni cha mchungaji. Kumbe ni changu.

Clemence akasimama akasema alikuwa na hasira, shetani alimpitia. Wazee wakaitikia. Kisha nyama ikaletwa, na mzee Rubeni akasema, "Wagosi, wanaume wenzangu, mpeni hakimu ini, asije akatufunga sote." Watu wakacheka na mimi nikacheka. Wakaniwekea ini lote, Lightness, kwenye sahani ya peke yangu. Mke wa Clemence ananiita mama hakimu. Watoto nao mama hakimu. Nilikula taratibu ili kila mtu aone.

Hata Janeth aliingia kazini kama mtoto wa nyumbani. Yeye ndiye aliyepita na birika na beseni kuwanawisha wageni, akaanza na mimi. Birika alilishika kwa ule mkono mzima. Nikamwambia, "Hongera binti, umekua."

Tangu turudi amekuwa kimya, nadhani ni uchovu wa njia. Baba yako amenuna, anasema nanukia kondoo. Wivu.

Kesi imebakiza wiki mbili kasoro siku moja. Nimeshapiga pasi gauni.

Mama yako, ambaye sasa wanamwita mama hakimu.


Lushoto,
30 Aprili 1997

Mwanangu Lightness,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Barua yako ya tarehe 11 ilifika Alhamisi ya tarehe 17. Kondakta aliisahau kwenye duka la Soni. Nyama ilikwisha kuliwa. Nilipoisoma nilikasirika, nakueleza kama ilivyokuwa. Nikasema moyoni, karani anataka kumfundisha mama yake kula. Ndiyo maana sikukujibu.

Juzi tuliingia mahakamani. Nilikuwa pembeni yake kama nilivyoahidi. Hakimu alimuuliza kwa upole sana, hata akavua miwani. "Janeth, mkono wako ulipatwa na nini?"

"Nilianguka."

"Ulianguka wapi?"

"Motoni. Nilikuwa nacheza."

Hakimu akarudia swali, na Janeth akarudia jibu. Hakulia. Nikapewa nafasi nami nikasema yote: kiganja, viazi vya chini ya mto, yale aliyomweleza mwalimu. Nilisema vizuri. Ndipo mzee Rubeni akaomba ruhusa. "Mheshimiwa, mambo haya yalikwisha nyumbani. Hata mama huyu aliyesimama hapa, muulize alikula nini kwetu."

Hakimu akanitazama. "Ulikula?"

"Nilikula, mheshimiwa."

"Ulijua nyama ile ni ya nini?"

"Nilijua."

Basi. Akaandika, akafunga jalada. Bwana Faustine aliokota mkoba wake akatoka bila kunitazama, na mama yake mdogo Imelda alikaa pale kwenye benchi, amepakata kikapu alichokuja nacho cha kubebea nguo za mtoto.

Nje nilimkamata Janeth mkono kabla hawajamchukua. Nikamuuliza, kwa nini umesema ulianguka? Alinijibu bila hasira, kama mtu anayekwambia mvua imekatika.

"Mlikwisha kula, mama. Ningesema nini tena?"

Akapanda lori. Safari hii walimweka nyuma, juu ya magunia.

Lightness, nilimwambia mtoto yule kwamba mimi sihesabu watu. Naye alipita na birika akatuhesabu, akanikuta nimo.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Mama yako.


Muheza,
18 Mei 1997

Mama,

Shikamoo. Na baba shikamoo, naomba asiache dawa ya kifua.

Barua yako nimekaa nayo. Nilianza kukujibu nikachana, nikaanza tena. Sitakudanganya kwamba si kitu. Ni kitu, na aliyekibeba ana miaka tisa.

Nimemuuliza karani mkuu bila kutaja majina. Anasema jalada halifunguliwi kwa sababu watu wamejuta. Linafunguliwa pakiwa na jambo jipya, na mtu wa kulieleza.

Nenda ukamwone, mama. Usiende na gauni lile. Usiende kumwomba msamaha pia. Mtoto hawezi kukubebea na mzigo huo. Mwone tu, akuone.

Mwanao,
Lightness


Lushoto,
27 Julai 1997

Mwanangu,

U hali gani? Baba yako amepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilikawia kwa sababu sikuwa na la kujisifia, na nimegundua kwamba bila hilo sijui barua inaanzia wapi.

Kila Jumatano nakwenda gulio la Shume. Clemence ana meza pale na Janeth ndiye anayepanga kabichi. Akiniona Clemence anapaza sauti, "Mama hakimu, karibu, chagua kubwa." Watu wanageuka. Kila wiki ananiita hivyo, na kila wiki naitika. Nisipoitika nitakuwa nimegombana naye, na nikigombana naye sitakuwa na sababu ya kufika pale mezani. Kwa hiyo nacheka kidogo, nachagua kabichi. Baba yako anasema tukiendelea hivi tutaota majani.

Janeth hunipa shikamoo kama anavyompa mteja yeyote. Marahaba, mwanangu, hujambo? Sijambo. Halafu anafunga kabichi. Amekonda tena. Ananipa mzigo bila kuinua macho, na mimi namtazama mikono.

Wiki iliyopita nilijaribu kumwambia neno. Nikaanza, "Janeth, siku ile..." Akasema, "Mama, kuna mtu nyuma yako anasubiri." Na kweli alikuwepo.

Usifikiri naandika ili unihurumie. Naandika kwa sababu kwingine kote bado naitwa mama hakimu, na wengine hawasemi kwa dhihaka.

Mama yako.


Lushoto, mahakamani,
21 Agosti 1997

Lightness,

Salamu utazipata baadaye. Naandika nikiwa kwenye benchi la nje, karatasi nimeomba kwa karani wa hapa. Nimemwambia nina binti wa kazi yake. Hilo tu limenitoka, mengine nimeyashika.

Jana gulioni Clemence alikuwa upande wa pili akibishana na madereva. Nilipofika mezani Janeth aliangalia alikosimama baba yake mdogo, kisha akavuta juu mkono wa sweta, akanionyesha, akaushusha. Sitakueleza nilichokiona, mganga wa hospitali ya hapa ameshakiandika.

Nikamshika mkono. Kikapu nilikiacha palepale. Tulikuwa tumefika penye magari Clemence akaita, "Mama hakimu, mtoto unampeleka wapi?"

Nikamjibu, "Mahakamani, mgosi. Njoo na wazee wako."

Amelala kwetu. Usiku sikumuuliza kitu. Bwana Faustine amekuja asubuhi, ameniambia bila kuficha: hakimu ni yuleyule, atanikumbuka, na neno langu lina ufa. Pengine hatanisikiliza. Pengine jioni watamrudisha Shume, na kwa kumtoa vile mbele za watu nitakuwa nimemfanyia mabaya zaidi. Nalijua hilo.

Wamekwisha kufika. Mzee Rubeni yuko pale kwenye ngazi na kofia yake, na wenzake wengi kuliko mara ile. Nimewahesabu.

Nitaanza kusema mimi kabla hawajasema wao. Nitamwambia hakimu nilikwenda, nilikaa kitini, nilikula na nilifurahi, na kwamba mtoto huyu aliona. Wote watasikia, na wa usharikani wamo. Baada ya hapo ndipo nitamwomba amtazame mkono.

Janeth yuko hapa karibu yangu, ameacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Nimempa andazi. Amelimega, nusu anakula, nusu ameitia mfukoni. Sikumwambia kitu.

Karani ameita jina lake.

Mama yako.