Tuni ya Kupimiwa

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na zikukute umeketi, maana barua hii ni ndefu. Mimi ni mzima, ukiacha magoti, ambayo siku hizi yanalia kama bawaba za mlango wa choo. Shemeji yangu hajambo? Na ule mguu wako wa kushoto, bado unatabiri mvua? Huku redio imetudanganya mara tatu wiki hii, na kila mara nimesema mguu wa mdogo wangu ungetuambia kweli.

Barua yako niliipata. Umeandika kwamba pikapu imechoka, kwamba umepata mnunuzi na atakuja kuichukua mwisho wa mwezi, na kwamba mimi kama mkubwa nisimamie makabidhiano. Niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Kabla huyo mnunuzi hajafika nataka usikie yaliyotokea, na uyasikie kutoka kwangu, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la nne ambao binti yako anasema ni kama kuku aliyekanyaga wino.

Nianze na huyo binti yako. Karakana yake ya vioo inakwenda. Ule upenu uliokuwa ukiwekea matairi ameusafisha, ameweka meza ndefu iliyotandikwa blanketi, ndipo anapokatia. Anavuta mstari mmoja kwa kile kikalamu chenye gurudumu, anagonga kidogo kwa chini, na kioo kinaachana vipande viwili kama watu waliokubaliana. Nyuma ya pikapu amefunga fremu ya mbao yenye umbo la hema. Vioo vinasimama huku na huku, vimebanwa kwa mikanda. Mwezi uliopita alipata kazi ya madirisha yote ya lile jengo jipya la chuo juu ya kilima. Ikienda vizuri, jina lake litajulikana. Ikiharibika, atarudi kubadilisha vioo vya picha za harusi za watu.

Safari ya kwanza ikaharibika. Pikapu ikiwa na mzigo kamili ilifika kona ya pili ya mlima, ikaguna, ikatema moshi, ikagoma. Akarudi kinyumenyume mpaka chini, na vioo vyote mgongoni. Siku hiyo alipeleka mzigo ule kwa mafungu matatu. Msimamizi wa ujenzi, kijitu kifupi kinachotembea na pima maji mkononi kama fimbo ya uchifu, akamwambia kwamba anampa wiki tatu, na zikipita ataita mtu mwenye lori. Ndipo alipokuandikia kwamba injini imeishiwa nguvu, nawe ukajibu iuzwe. Unajua mwenyewe, pikapu ikiuzwa hakuna karakana. Vioo havibebwi kichwani.

Yeye hakukubali haraka. Alikuwa amesikia kwamba injini za dizeli za siku hizi zina kompyuta, na kwamba kompyuta hiyo hufundishwa upya, injini ikapata nguvu bila kuguswa kwa spana. Wanaita kutuni. Kumbe tuni zenyewe ziko mbili. Kuna ya dukani, anayo yule muuza spea tunayemwita Kasuku. Ni kisanduku cha ukubwa wa kiberiti, unakichomeka chini ya usukani, dakika kumi umemaliza, na kimetengenezwa kwa pikapu zote za aina yako popote zilipo. Kasuku alituambia kwamba ukikifunga gari linaruka kama limeng'atwa na nyuki. Halafu kuna ya kupimiwa. Hiyo inafanywa na fundi mmoja mama, mpole, asiyezungumza mpaka aulizwe, na akiulizwa anafikiri kwanza. Yeye hufunga kifaa kwenye gari, kifaa kinaandika kwa wiki nzima: hewa kiasi gani, mafuta kiasi gani, joto, na mguu wa dereva unakanyaga kiasi gani. Akishasoma, anaandika programu ya gari hilo moja, kwa mzigo huo na barabara hiyo.

Mimi nikasema ichukuliwe ya dukani. Nikasema tena kesho yake, na kesho kutwa nikamsifu Kasuku, mtu ambaye unajua tusivyopatana. Binti yako aliacha kukata, akaniangalia juu ya miwani yake ya kazi. Akaniambia, Baba Mkubwa, miaka arobaini unashona viatu, mtu akipita mlangoni kwako na kiatu cha dukani unamuuliza kama amefiwa, leo ndiye unayeniambia nivae cha dukani? Nikamjibu kwamba gari si mguu. Akasema sawa. Lakini aliniangalia muda mrefu kuliko jibu lilivyostahili, na jioni akampigia simu yule fundi.

Asubuhi ambayo fundi angekuja kufunga kifaa chake, niliamka mapema, nikaenda kwenye pikapu na kile kisu changu kifupi cha kukatia soli. Nikafungua mlango wa dereva na kujaribu kuingia chini ya usukani, kichwa mbele. Kichwa kiliingia. Bega likaingia. Mengine yakakataa, na nilipotaka kurudi nyuma, goti likafunga kabisa. Nikahangaika mpaka kiuno kikaibonyeza honi, na honi hiyo haina adabu. Binti yako alitoka na mswaki mdomoni akakuta miguu ya baba yake mkubwa inaning'inia nje ya gari. Nikamwambia nilikuwa natafuta miwani. Akanivuta taratibu, akanipangusa vumbi, akaniambia kwamba miwani iko puani.

Kifaa kikafungwa. Wiki hiyo sikuwa mtu wa kuongea naye. Nilimshonea mteja viatu viwili vya kulia.

Fundi alirudi na kompyuta yake, akaiweka juu ya meza ya vioo, akasoma kimya hadi chai ikapoa. Kisha akamuuliza binti yako kama anauogopa ule mlima. Binti yako akasema hauogopi. Fundi akasema injini ni nzima, ile pampu ya hewa waiitayo turbo ni nzima, mafuta yanafika vizuri. Kitu kimoja tu hakielewi.

"Mguu wa dereva haujawahi kupita sitini na mbili kwa mia," akasema. "Wiki nzima. Hata mlimani, inafika sitini na mbili, inasimama papo hapo, kama imegonga ukuta."

Binti yako akasema, "Mama, mimi nakanyaga mpaka chini."

Fundi hakubishana. Alitoka nje, akafungua mlango, akafunua zulia chini ya pedali ya mafuta. Mafundi wengine wote wanafunua boneti, mdogo wangu, hakuna anayefunua zulia. Palikuwa na kipande cha soli ya mpira mweusi, kimechongwa kufuata umbo la pale chini, kingo zimelainishwa kwa msasa, kimebandikwa kwa gundi ya viatu. Pedali ilikuwa ikifika hapo na kukoma, na dereva akidhani amefika mwisho wa gari.

Binti yako alikibandua kwa kile kisu changu, ambacho kilikuwa kimebaki chini ya kiti tangu siku ya honi. Akakigeuzageuza. Akapitisha kidole kwenye kingo.

"Hii kazi ni ya fundi mzuri," akasema.

Nikakiri pale pale, maana hapakuwa na pa kukimbilia, na magoti haya yasingenifikisha. Nilimwambia kwamba nilikiweka miaka miwili iliyopita, wiki ileile uliyoondoka ukamwachia funguo. Fundi mama akaona ni mambo ya nyumbani, akakumbuka kwamba ana simu ya kupiga. Binti yako hakufoka. Ningependa angefoka. Aliniambia kwamba aliushuka mlima ule kinyumenyume akiwa na vioo vya chuo kizima nyuma yake, akiilaumu injini, akijilaumu mwenyewe, na kila jioni aliponisimulia mimi nilikuwa namwambia pole. Akaniuliza nilikuwa naogopa nini. Nikamwambia jibu lipo, ila wa kwanza kuandikiwa ni baba yake. Nitafika huko, usiruke mistari.

Sasa usikie ya gari. Bila ile soli, pikapu ilipanda mlima, lakini turbo ilipoamka iliruka kweli, na vioo viwili vikapasuka kwenye kona. Kwa hiyo tuni ilihitajika, na sasa nakwambia bila kona: ya dukani ingetuangamiza. Kile kisanduku kingeongeza nguvu na mpira wangu ukiwa palepale, kila mtu angefurahi, na siku gundi ingechoka, gari lingeruka na binti yako, na hema zima la vioo nyuma ya shingo. Kisanduku hakiulizi nani yuko chini ya zulia. Ndiyo maana nilikipenda. Fundi mama ametuni injini kwa kupima: mguu unapoanza kukanyaga inavuta polepole kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, halafu juu, kwenye kona, nguvu inakuja bila kusukuma. Jumanne tulipanda na mzigo kamili. Nilikaa kiti cha abiria, nimeshika mlango kwa mikono miwili. Hakikupasuka hata kimoja. Yule kijitu alivigonga kwa kucha kimoja kimoja akitafuta nyufa, akakosa, akakasirika kidogo, akatia sahihi.

Kwa hiyo mwandikie mnunuzi wako kwamba pikapu haijachoka. Iliyochoka ni akili ya kaka yako.

Na sasa jibu. Unakumbuka lile lori la mbao nililokuwa nikiendesha, wewe ukiwa na miaka kumi na saba, umekaa kushoto, mkono nje ya dirisha, unaimba vibaya. Unakumbuka ule mteremko na lile daraja dogo. Tangu siku ile nimekwambia, nimewaambia wazazi mpaka wamezikwa, nimewaambia watu wa kampuni yenye lori, kwamba breki zilikatika.

Breki hazikukatika. Nilikuwa nakanyaga mafuta. Mbele yetu kulikuwa na lori la mikate, dereva wake alikuwa amenicheka kwenye kituo cha mafuta, nikataka nimpite kabla ya daraja. Wewe uliniambia punguza. Ulisema mara mbili. Uliniambia "kaka", jambo ambalo ulikuwa hulifanyi. Nami nikakanyaga mpaka chini. Mengine unayajua kwa mguu wako.

Fundi wa breki wa ile kampuni alifukuzwa kazi kwa maneno yangu. Ameshafariki, kwa hiyo yeye siwezi kumwandikia.

Watu walisema niliacha usukani nikashika sindano kwa sababu ya mshtuko, na mimi nikawaacha waseme. Niliacha kwa sababu niliujua mguu wangu. Uliponiachia binti yako, naye ukamwachia funguo, siku ya kwanza nilimwona anatoka getini anacheka, mkono nje ya dirisha. Jioni hiyo nikachukua soli.

Sikuombi unisamehe kwa barua, hiyo itakuwa ni kukulazimisha. Ukitaka kuja kunipiga, nauli ya kuja unaijua na mimi sikimbii, magoti nimekwisha kukueleza. Binti yako nimemwambia atasoma barua hii kabla sijaifunga bahasha, na sasa hivi yuko mlangoni anasubiri, ameegemea fremu, kama wewe unavyoegemea ukitaka kuupumzisha ule mguu.

Nisalimie sana shemeji, mwambie ile chumvi apunguze. Majirani wote wanakusalimu, hata Kasuku, ambaye hanisemeshi. Msalimie pia yeyote atakayeuliza habari zangu, na asiyeuliza mwache na maisha yake.

Pamoja na barua hii nakutumia viatu vyako vya mwaka huu. Cha kulia ni cha kawaida. Cha kushoto nimekipandisha soli kama siku zote, kwa ajili ya ule mguu uliobaki mfupi, ila safari hii sikukata mpira mpya. Nilikichukua kile kipande kutoka chini ya zulia nikakiweka juu ya kipimo chako, nikitaka kujua kinahitaji kupunguzwa kiasi gani. Hakikuhitaji. Nilikuwa nimekikata unene uleule bila kupima.

Ni mimi kaka yako,
Mshona Viatu