Nahodha Anavyoniita

Jumanne, 4 Machi

Shangazi mpendwa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Barua hii isionwe na mtu, na Mama asisikie hata neno moja. Ukimaliza, ichome.

Shikamoo. Natumai hujambo na goti limetulia. Mimi mzima, ila moyo unanidunda kama mashine ya kusaga.

Siko kwenye semina niliyomwaga Mama. Nimechukua likizo, nami nimempata kaka yako. Nimempata Baba. Anaishi ndani ya mashua ya tanga, yeye na paka, akitembea bandari hadi bandari. Alikuwa anatafuta mtu wa kumpikia, nikajitokeza. Jina sikutaja. Nilisema mimi ni karani, basi ananiita Karani.

Leo hakuna upepo, tumetia nanga. Siku nzima ni kazi ndogo ndogo, nami nazichungulia zote. Anafua kwa maji ya bahari, kisha anasuuza kwa maji ya kunywa, kidogo kidogo kama anayeonja dawa. Nguo anazibana kwenye waya wa pembeni, mashua nzima ikawa kama ua wa nyumba ya kupanga. Anashona tanga huku kidole cha mwisho kimesimama, vilevile unavyoshona wewe. Nilikitazama kidole kile mpaka chakula kikaungua.

"Karani," akaniambia, "hata kwenye chai umevaa jaketi la kuokolea? Unaogopa kuzama kikombeni?"

"Sijui kuogelea, Mzee."

"Kikombe hicho hakina kina, mwanangu."

Shangazi, chai yote ilimwagika. Halafu akapita muuza mafuta na kiboti chake, naye akaitwa "mwanangu". Paka naye, "mwanangu". Sasa nitajuaje kama anajua? Nikisema mimi ni nani akanifukuza, nitakuwa nimeachwa mara mbili. Nikinyamaza, likizo itaisha.

Nijibu kwa mkono wa muuza mafuta wa gatini. Juu ya bahasha andika "Karani", basi.

Mwanao

Jumanne, 11 Machi

Kwako karani wetu,

Marahaba. Goti halijambo, linanikumbusha tu kwamba ni langu. Barua nimeichoma, pamoja na kona ya kitambaa cha meza.

Kumbe yu hai, mjinga yule! Aliaga anakwenda safari fupi, wewe hata kamba za viatu hujajua kufunga. Nimemlaani na kumwombea kwa mdomo huu huu mmoja.

Hiyo "mwanangu" isikubabaishe. Tangu ujana humwita hivyo kila mtu, hata kuku. Lakini wewe umebeba jina la baba yetu mzazi, kwa hiyo hakuwahi kukuita mwanangu. Alikuita "baba", na hajapata kumwita hivyo mtoto wa mtu mwingine. Tega sikio.

Shangazi yako

Jumatano, 2 Aprili

Kwako karani,

Hujambo? Mbona kimya? Likizo yako imekwisha. Mkubwa wako wa kazi amempigia mama yako simu, nami nikadakia kwamba unaumwa tumbo. Mama yako ananitazama tu. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeshafika ukutani. Umemwambia? Amekufukuza? Andika hata mstari mmoja.

Shangazi yako

Jumatano, 9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Tu wazima, paka pia. Tulitweka tanga siku ileile niliyopata jibu lako, na baharini hakuna posta. Leo tumerudi gatini, nikakuta barua yako ya pili.

Nilitega sikio mpaka likauma. Mwanangu, mwanangu, safari nzima. Jana upepo ukakatika, akaanza kunifundisha fundo la kufungia mashua. Nikakosea, nikakosea tena. Akanishika vidole.

"Pitisha chini, baba. Usiikimbize."

Nikaiachia kamba. "Umeniitaje?"

Akaitazama kamba. "Nilivyokuita siku zote."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipopanda. Umekuja na masikio ya mama yako, ukadhani sitayaona? Niliogopa nikisema, utashuka."

Kumbe humu ndani waoga tulikuwa wawili.

Sijamsamehe, Shangazi, sijui hata pa kuanzia. Ila nina maswali mengi, naye safari hii hana pa kukimbilia, maji pande zote.

Ofisini nitaandika mwenyewe. Mama mwambie ukweli, lakini mkalishe kwanza. Tupo hapa mpaka upepo ubadilike. Bahasha ipitie kwa muuza mafuta yuleyule, ila usiandike tena "Karani". Andika "Mtoto wa Nahodha". Muuza mafuta ameshaambiwa, na si mimi niliyemwambia.

Mwanao