Shamba la Ukunguni

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Mazwi ni baridi tupu, babu yako habanduki jikoni.

Unauliza kwa nini uchangie chuo ulichokwisha kumaliza.

Nilipochaguliwa kwenda chuo kikuu, kijiji chetu cha ujamaa kililima shamba la maharage ili nipate nauli na nguo. Niliporudi likizo, ukungu umetanda, nilisikia nyimbo kabla sijamwona mtu. Walikuwa shambani kwangu, wanafukia majani kwenye matuta mapya.

“Mbona mnalima tena? Mimi si nimeshakwenda?”

Mama mkubwa akacheka, akanionyesha mtoto aliyelala mgongoni mwa mkwewe. “Na huyu?”

Akanipa jembe, nikaingia ukunguni.

Mtoto yule unamjua. Ndiye aliyekufundisha fizikia.

Bibi yako