Ukuta wa Jikoni Bado Umesimama

Gatitu, Nyeri

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku baridini. Natumaini goti limepoa na mvua imewaachia mahindi kidogo. Mimi ni mzima. Asubuhi ukungu hushuka mpaka kwenye mabati, nami huvaa ile sweta ya kijani Nekesa aliyonifumia, yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Tangu tumzike yeye, binti yako na mke wangu, huko nyumbani sijakuandikia neno la maana. Leo ninalo, na kwenye simu nilishindwa kulisema.

Uliniuliza kama nyumba imepata mnunuzi ili nistaafu nirudi Bungoma. Bado, lakini nimejionea mengi. Dalali wangu ni mama mchangamfu anayeitwa Wanjiru. Siku ya kwanza aliugonga ule ukuta wa kati ya jikoni na sebule kama mtu anayebisha hodi.

"Mzee, hii ukuta inaua nyumba. Watu wa siku hizi wanataka jikoni ikuwe wazi. Mtu anapika akiona TV, akiona watoto, akiona wageni."

"Na wageni wanamwona akipika?"

"Si ndiyo hiyo wanataka!"

Akanipeleka mji wa Chaka kuona nyumba mpya zinazouzwa, nami nikatembea humo kama mtoto sokoni. Mama, dari ni za jipsamu, zenye ngazi kama keki ya harusi, na taa zimefichwa ndani yake: huoni glopu, unaona mwanga tu. Kuta ni rangi ya majivu. Mifereji ya sinki ni myeusi tii. Ukuta wa TV umepambwa kwa vijibao vyembamba vilivyosimama kama mianzi. Viti navyo havina kitambaa hata kimoja! Nilipouliza kichwa cha mtu kinaegemea wapi, Wanjiru akacheka. "Vitambaa ni za shosho, mzee, za manyanya." Unajua vya kwetu vilifumwa na nani.

Nilichopenda ni dirisha la sebule, kubwa, halina nakshi, na mlima wote unaingia ndani.

Jikoni kuna meza ya jiwe katikati na jiko linalong'aa kama halijawahi kuwashwa. Nyuma yake nikaona mlango mdogo. Nikaufungua nikidhani ni stoo. Kumbe ni jikoni nyingine! Ndogo, ina jiko la makaa na sinki la kuoshea sufuria.

"Hapa ndipo watapika samaki na matumbo," Wanjiru akaniambia. "Ile ya mbele ni ya chai."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Kumbe hata wao wana cha kuficha.

Jumapili akaleta wanunuzi, mume na mke, bado vijana. Mume ni mtu wa Tetu, hapa hapa Nyeri, mke ni mwalimu. Walipenda vyumba, wakapenda maji. Kisha mke akainama kwenye kidirisha cha kupitishia chakula kilicho katika ule ukuta, akachungulia.

"Kwani hapa ilikuwa hoteli?"

Nikamweleza kwamba kwetu mama mkwe na mkwewe hawali wakitazamana, na kwamba ukuta huo niliujenga kwa ajili yako.

"Ati ulikuwa unaongea na mama mkwe kupitia hii shimo?"

"Na tulielewana sana."

"Mimi nikijengewa ukuta kama hii nitashukuru Mungu," mume akasema.

"Ngoja nimwambie mum!" Mkewe akampiga kofi la bega.

Wameipenda, Mama. Ila wanataka ukuta uangushwe kwanza, waone nafasi ilivyo, ndipo wakubali. Fundi yuko tayari Jumamosi. Wasipoangushiwa watachukua ile ya Chaka, na hakuna mnunuzi mwingine aliyerudi.

Nami nakumbuka ulivyokuja Naliaka alipozaliwa. Ulikula jikoni na Nekesa, mimi sebuleni, na usiku ukalala kwa jirani. Uliuliza kupitia ukutani, "Mkwe, ugali umekutosha?" Kabla sijajibu, Nekesa akasema, "Huyu humtosha lini?" Mkacheka nyinyi wawili, nami nikala nikiwasikiliza.

Ulisema utakuja shule zikifungwa uchukue nguo zake na uone tena alipoishi. Ukuta ukianguka utakuta chumba kimoja tu, na ninakujua: utasema umeshiba kuliko kula mbele yangu.

Kwa hiyo nimemwambia Wanjiru ukuta hauguswi mpaka uje na uondoke.

"Watakimbia, mzee."

"Wakimbie."

Akauliza kama unapenda chai ya maziwa mengi.

Basi huenda nyumba hii ikanikalia mwaka mwingine. Wewe njoo. Nisalimie shemeji yangu kifungua mimba, shangazi anayekufugia kuku, na mjukuu wako Naliaka akipita huko kutoka chuoni.

Jambo moja lilinisumbua: hakuna tena wa kukaa nawe upande wa jikoni. Nimelifikiria. Nitapika mimi, nitoke, ndipo uingie. Ukikuta ugali una madonge, sema tu kupitia ukutani. Nitakuwa upande wa pili, nikila uleule.

Ni mimi mkweo,
Baba Naliaka